Ulinganishi wa Hedifoni: Bei Si Kipimo cha Sauti

Pale Same mjini, chini ya milima ya Upare, kijana atakaye kununua visikilizio vya masikioni, ambavyo wengi huviita hedifoni, hupewa na mwuzaji jozi mbili ili azijaribu. Huvaa ya kwanza akasikiliza wimbo, kisha huvaa ya pili akasikiliza wimbo ule ule. Baada ya dakika moja hutoa hukumu: hii ndiyo yenye sauti nzuri. Huondoka akiamini kwamba masikio yake yamechagua. Lakini mara nyingi kilichochagua ni jambo moja tu, nalo ni kwamba jozi ile ilipiga kwa nguvu kidogo kuliko mwenzake.

Jambo hili lina asili yake katika sikio lenyewe. Mwaka 1933, Fletcher na Munson, watafiti wa maabara za Bell nchini Marekani, walionyesha kwamba sikio la binadamu halisikii sauti zote kwa usawa. Sauti nene, zenye mitetemo michache kwa sekunde, hufifia upesi pale sauti nzima inapopunguzwa. Ikiongezwa, hizo ndizo huinuka haraka zaidi. Kwa hiyo kifaa kilichozidi kwa desibeli moja au mbili tu hakisikiki kuwa kikubwa zaidi. Husikika kuwa na sauti iliyojaa na safi zaidi. Msikilizaji husifu ubora pasipokuwa na ubora.

Na tofauti hiyo ya nguvu hutokea kwa urahisi mno. Tuseme jozi moja ina ukinzani wa omu 32 na nyingine omu 300, nazo zote mbili zimechomekwa katika simu ile ile, kwa volti zile zile. Mwanafunzi aliyesoma kanuni ya Ohm ataona mara moja kwamba ile ya kwanza hupokea nguvu ya umeme zaidi ya mara tisa. Kuzilinganisha hivyo ni sawa na kupima magunia mawili ya mahindi katika mizani miwili isiyolingana.

Yaweza kudhaniwa kwamba makosa haya ni ya vifaa vya bei rahisi. La hasha. Kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ilitoa hedifoni ya HD 600 mwaka 1997 na HD 650 mwaka 2003. Zinafanana kwa umbo na kwa uzito, ukinzani wa kila moja ni omu 300, na bei yake ni ya mamia ya dola. Tofauti ya sauti zao ni ndogo, na bado watu wameandika kurasa nyingi mno kusifu moja na kukosoa nyingine, wengi wao wakiwa wamezisikiliza huku wakijua fika ni ipi iliyo kichwani. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283 za bei mbalimbali. Hakuona uhusiano wowote kati ya bei na namna kifaa kinavyotoa sauti nene na nyembamba. Si kwamba bei kubwa ni ulaghai. Mnunuzi huenda analipia uimara, vipuri, au mito laini isiyoumiza masikio. Ila asiseme kwamba bei ni ushahidi wa sauti.

Je, haya yawahusu nini walimu na wanafunzi wa Same? Yawahusu sana. Katika msitu wa Chome, kwenye mteremko wa Shengena, kilele chenye urefu wa mita 2,462, anaishi ndege mdogo mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. Wanasayansi humwita Zosterops winifredae, naye hapatikani popote duniani ila katika milima ya Upare ya Kusini. Jamaa zake wako Kilimanjaro na katika vilima vya Taita, nchini Kenya. Sauti ni mojawapo ya mambo yanayochunguzwa ili kutofautisha ndege wa namna hii, na siku hizi simu ya mkononi yaweza kuirekodi. Sasa, mwanafunzi mmoja akisikiliza sauti ya Chome kwa hedifoni inayokuza sauti nyembamba, na mwenzake akasikiliza sauti ya Taita kwa hedifoni inayozififisha, tofauti watakayoiandika itakuwa ya ndege au ya vifaa? Hakuna atakayejua.

Kwa hiyo hedifoni zilinganishwe kwanza, na kazi hii yafaa ifanyike shuleni. Kisingizio kwamba hakuna maabara hakina uzito hapa. Sauti moja isiyobadilika ichezwe, na simu yenye programu ya kupima desibeli iwekwe nyuma ya kipande cha boksi kilichotobolewa tundu, hedifoni ikilazwa juu ya tundu hilo. Kisha nguvu za jozi zote mbili zisawazishwe. Msikilizaji afungwe kitambaa machoni, avishwe na mwenzake, wala asiguse kifaa kwa mkono. Jozi ya kuvishwa ichaguliwe kwa kurusha sarafu, na aiandikaye akae nyuma ya msikilizaji. Majaribio yawe 10. Anayebahatisha tu atapata 9 au zaidi takribani mara moja katika kila mara 100, kwa hiyo anayefikia hapo aaminiwe kwamba anasikia tofauti. Aliyepata 6 asijisifu.

Njia hii ina kasoro yake. Uzito na mguso wa mito humfichulia msikilizaji siri, hata akiwa amefumba macho. Watafiti wa kampuni ya Harman walikwepa tatizo hilo kwa kutumia hedifoni moja tu, wakaifanya kwa kompyuta iige sauti za nyingine. Shule isiyo na uwezo huo ichague jozi zinazofanana, na kasoro iliyobaki iandikwe katika taarifa bila kuficha. Tena mito ikae sawasawa kila mara, kwa sababu mwanya mdogo kati ya mto na shavu, hata wa mkono wa miwani, huvujisha sauti nene kiasi cha kuzidi tofauti yenyewe inayotafutwa.

Katika majaribio yote sauti iwe ya wastani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa juma katika desibeli 80, na watoto katika desibeli 75. Yule kijana wa Same, aliyechagua jozi yake kwa sababu ilipiga kwa nguvu, huenda ndiye atakayeuvuka mpaka huo kwanza.