Neno la Mhariri: Hodi ya Mpita Njia

Shemeji yangu anayeishi Sheffield alinipeleka siku moja kutembea Edale, bonde dogo lililo chini ya mlima Kinder Scout, kaskazini mwa England. Tulikuwa na ramani moja ya karatasi, ya kipimo cha 1:25,000, yenye jalada la rangi ya chungwa. Baada ya nusu saa njia ilitufikisha kwenye ukuta wa mawe wenye ngazi ya mbao ya kuvukia. Ng'ambo yake palikuwa na malisho ya kondoo, kisha nyumba ya mkulima, mbwa, na nguo zimeanikwa kambani. Nikasimama. Kwetu, ukishaona nguo kambani umefika uani kwa mtu: unakohoa kidogo, unapiga hodi, unangoja.

"Twende, shemeji," akasema. "Hapa hodi haipigwi."

Akanionyesha kwenye ramani vipande vifupi vya kijani vilivyokata katikati ya malisho na kupita karibu kabisa na nyumba ile. Penye mstari huo, alinieleza, mwenye shamba hana uwezo wa kutuzuia. Tukapita. Mkulima alikuwa anatengeneza geti. Akaitikia salamu yetu bila kuinua kichwa, kama mtu anayesikia gari likipita barabarani.

Mwaka uliofuata nilikwenda Uskoti na ramani ya Ordnance Survey, shirika lile lile lililochora ile ya Edale, jalada lile lile, kipimo kile kile. Nikatafuta mistari ya kijani, sikuona hata mmoja. Kwa saa nzima niliamini nimeingia nchi isiyoruhusu mtu kupita popote. Kumbe nilikuwa katika nchi inayoruhusu karibu kila mahali.

Toleo hili linahusu njia za miguu na ramani zake, na kosa langu la Uskoti ndilo lililolizaa. Ramani ya njia hujibu swali ambalo sheria ya nchi yake imeuliza. Anayeisoma akiwa na swali la nchi nyingine anaweza kujua hasa mahali aliposimama na bado akawa amepotea. Nasi Waafrika Mashariki, ambao wengi wetu huenda kwa miguu kila siku ya Mungu, bado hatujaamua swali letu ni lipi.

Tuanze na England, maana mstari ule wa kijani haukushushwa kutoka mbinguni. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi kutoka Manchester, waliupanda Kinder Scout kwa makusudi huku wakijua hawaruhusiwi. Nyanda zile za juu zilikuwa zimetengwa kwa ajili ya matajiri kuwinda ndege wa jamii ya kwale, na walinzi walikuwa wakiwafukuza wapita njia. Benny Rothman, kijana wa miaka 20, alifungwa jela pamoja na wenzake kadhaa. Mwaka 2002, miaka 70 baadaye, Duke wa Devonshire, ambaye ukoo wake ulikuwa ukimiliki eneo lile, alisimama hadharani akaomba radhi kwa yaliyotendeka.

Katikati ya kifungo na radhi ile kuna sheria mbili. Ya mwaka 1949 iliziagiza kaunti za England na Wales kuandaa ramani rasmi za njia za umma, na njia ikishaandikwa humo, ramani yenyewe ni ushahidi mahakamani. Leo mtandao huo una urefu wa kilomita zipatazo 225,000. Sheria ya mwaka 2000 ikaongeza haki ya kuzurura nje ya njia katika milima, nyika na ardhi za jumuiya zilizoainishwa, ambazo ramani huzipaka rangi ya manjano hafifu. Eneo hilo ni kama asilimia 8 tu ya England. Kwingineko, ukiacha mstari umeacha haki.

Swali la ramani ya England, basi, ni hili: umeruhusiwa kupita wapi? Ni swali la daftari, na Waswahili walishasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Waingereza nusura yawakute. Sheria ile ile ya mwaka 2000 iliweka ukomo: njia za kale ambazo hazingekuwa zimeandikishwa kufikia tarehe 1 Januari 2026 zingepoteza hadhi yake. Chama cha watembea kwa miguu, Ramblers, kikawaita wananchi wakae na ramani za zamani, walinganishe karatasi na karatasi. Walipata zaidi ya maili 49,000 za njia zilizoonekana kuachwa nje ya daftari. Mwaka 2023 serikali ikasogeza ukomo hadi 2031, na Desemba 2024 ikatangaza kwamba itaufuta kabisa.

Kuna jambo moja katika sheria ya England ambalo Mswahili lazima alisome mara mbili. Njia ikitumiwa na watu kwa miaka 20 mfululizo inaweza kuhesabiwa kuwa ya umma, lakini kwa masharti matatu: wasiwe wametumia nguvu, wasiwe wamepita kwa kificho, na wasiwe wamepewa ruhusa. Sharti la tatu ndilo linaloshangaza. Aliyeomba ruhusa, hata kama amepita miaka mia, hajajenga haki yoyote, kwa kuwa kila siku alikuwa mgeni wa mwenye shamba. Hodi ambayo kwetu ni adabu, kule humaliza dai lako. Ndiyo maana baadhi ya wenye mashamba huweka kibao cha kukukaribisha kwa ukarimu: karibu yao imeandikwa ili usije ukadai.

Sasa vuka mpaka uingie Uskoti. Huko, kwa sheria ya mwaka 2003 iliyoanza kutumika Februari 2005, mtu ana haki ya kupita karibu ardhi yote na maji ya ndani ya nchi, maadamu anakwenda kiungwana: haharibu mazao, hasumbui mifugo, haingii uani kwa watu. Haki imemkaa mtu katika mwenendo wake. Kwa hiyo mstari mweusi wa vipande katika ramani ya Uskoti unasema tu kwamba chini pana njia. Kuhusu ruhusa haukuambii kitu, kwa sababu ruhusa unayo tayari. Ndicho nilichokosa kukisoma.

Norway imekwenda hivyo hivyo, na mapema zaidi. Sheria yake ya mwaka 1957 iliandika desturi ya kale kwa kugawa ardhi mafungu mawili: ardhi ya ndani, yaani ua, konde na malisho yaliyotunzwa, na ardhi ya nje, yaani msitu, mlima na nyika. Ya nje ni ya kila mtu kupita, hata kama ina mwenyewe. Ya ndani unaipisha, isipokuwa konde na malisho majira ya baridi, udongo ukiwa umeganda au umefunikwa na theluji, kwa kuwa mguu hauwezi tena kuumiza mazao. Hema unalipiga mita 150 au zaidi kutoka nyumba iliyo karibu. Chama cha watembezi wa milimani, kilichoanzishwa mwaka 1868, huchora herufi T nyekundu kwenye mawe kukuongoza, lakini T hiyo ni msaada wa macho. Ukiiacha ukakata kushoto hujavunja sheria. Swali la Norway ni: umezuiwa wapi? Na jibu lake husomwa ardhini, kwenye ukingo wa shamba, kabla ya kusomwa kwenye karatasi.

Uswisi wameuliza swali la tatu: njia hii ni ngumu kiasi gani, nayo itanichukua muda gani? Kanuni yao ya sheria za kiraia ya mwaka 1907 ilikwisha kumruhusu kila mtu kuingia misituni na malishoni kwa kadiri ya desturi ya mahali, kwa hiyo ugomvi wa ruhusa haukuwaelemea. Mwaka 1979 wananchi walipiga kura na kuziingiza njia za miguu katika katiba ya nchi. Leo kuna zaidi ya kilomita 65,000 zenye alama za aina tatu: manjano kwa njia za kawaida, nyeupe-nyekundu-nyeupe kwa njia za milimani, na nyeupe-buluu-nyeupe kwa zile za majabali na barafu. Kibao cha njia kinakuandikia saa na dakika za mwendo, jambo ambalo bibi yangu angelielewa mara moja, kwani hata yeye hakuwahi kupima safari kwa kilomita. Na sheria yao ina kifungu ninachokionea wivu: njia iliyo katika mpango ikifutwa, kwa barabara au kwa jengo, lazima itafutiwe mbadala.

Marekani swali ni la kimali: ardhi hii ni ya nani? Wana njia ndefu za kupendeza, kama ile ya milima ya Appalachia yenye kilomita zipatazo 3,500, lakini nje ya ardhi ya umma mtembezi hana haki ya kukata shamba la mtu. Katika majimbo ya magharibi ardhi ya serikali na ya watu binafsi zimepangwa kama miraba ya ubao wa drafti, zikigusana kwa pembe tu. Mwaka 2021 wawindaji wanne waliweka ngazi kwenye pembe ya aina hiyo huko Wyoming, wakavuka kutoka mraba wa umma hadi mwingine bila kukanyaga udongo wa mwenye shamba. Wakashtakiwa. Machi 2025 mahakama ya rufaa iliamua kwamba hawakufanya kosa. Fikiria nchi ambayo kesi ya njia huamuliwa kwa kuuliza nani mwenye hewa iliyo juu ya pembe ya shamba.

Katika yote haya kwetu ni wapi? Jibu linaanzia pale pale England. Martin Hotine, mwanajeshi na mpimaji, ndiye aliyebuni nguzo za saruji zilizosimikwa juu ya vilele vya Uingereza katika upimaji mpya ulioanza mwaka 1936. Mwaka 1946 akawa mkurugenzi wa kwanza wa idara ya upimaji wa makoloni, iliyochora sehemu kubwa ya Afrika Mashariki kwa picha za ndege, katika karatasi za kipimo cha 1:50,000. Karatasi hizo zina kontua, mito, mashamba ya mkonge, na njia za miguu kwa mistari ya vipande. Ufundi wa kuchora ulisafirishwa hadi kwetu. Kilichobaki Uingereza ni ule mstari wa kijani, yaani haki.

Hili nililijua kijijini kwetu. Njia ya kwenda chemchemini, waliyopita wazee na wazee wa wazee, ilikuta ukuta wa matofali wenye chupa zilizovunjwa juu yake. Mwenye kiwanja alikuwa na hati safi. Nikaitafuta karatasi ya zamani, nikaipeleka kwenye kikao, nikaweka kidole juu ya njia yetu, imechorwa wazi. Mtendaji wa kijiji aliitazama kwa makini akasema, "Ndugu yangu, hii inaonyesha njia ilikuwepo. Haionyeshi ni ya nani." Hakukosea. Ramani za Ordnance Survey zenyewe huandika onyo la namna hiyo pembeni: njia kuchorwa si ushahidi wa haki ya kupita, isipokuwa zile zilizowekewa alama ya haki. Akina mama sasa huzunguka, ndoo kichwani, kwa njia ndefu zaidi.

Msomaji ataniambia kwamba kutembea kwa burudani ni mambo ya wazungu, na kwamba njia zetu hazihitaji makaratasi kwa kuwa zinalindwa na ujirani. Sehemu ya pili ya hoja hiyo naiheshimu. Njia nyingi kweli zimelindwa na ujirani, na hodi ni sheria nzuri kuliko nyingi zilizoandikwa. Lakini hodi hutaka mtu wa kuitikia. Kiwanja kikinunuliwa na mtu anayeishi mbali, unampigia nani? Na njia zetu pekee zilizoandikwa vizuri ni zile za wageni: Kilimanjaro njia zote zina majina, vituo, kiingilio na mwongozaji wa lazima, lakini njia ya mwanafunzi kwenda shule iliyo chini ya mlima huo huo haina jina kwenye ramani yoyote rasmi.

Vyombo tunavyo. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 na ile ya Kenya ya mwaka 2012 zote zina vifungu kuhusu haki ya njia ya umma. Vijiji vya Tanzania huandaa mipango ya matumizi bora ya ardhi, ambamo malisho na mapito ya mifugo hutengwa. Mapito ya watu yangeweza kuwekwa humo humo, kikao hicho hicho. Vijana wa Ramani Huria, tangu mwaka 2015, walipita mitaa ya Dar es Salaam inayofurika wakachora mifereji na vichochoro kwa msaada wa wenyeji. Uwezo wa kuchora si tatizo tena.

Pendekezo langu si kuiga England. Daftari lao lilichukua miaka mingi, likazaa ukomo, na sharti lao la kutoomba ruhusa lingetufundisha utovu wa adabu. Natamani tuazime kifungu cha Uswisi cha njia mbadala, na mgawanyo wa Norway wa ndani na nje, ambao mkulima yeyote wa kwetu anaujua hata kama hajausoma. Kisha tuandike njia chache zisizo na mjadala: ya maji, ya shule, ya zahanati, ya makaburini. Hizo hodi yake ilishapigwa na waliotutangulia, ikaitikiwa.

Makala zinazofuata zimeandikwa na watu waliokwenda kwa miguu, si waliosoma tu. Nimewaomba kila mmoja aeleze, pamoja na alichokiona, ni nani aliyemruhusu kupita na alijuaje. Wewe msomaji, kabla ya toleo lijalo, mchukue mzee mmoja wa mtaa au kijiji chako mwende naye njia moja ya zamani mpaka mwisho. Hesabu mageti. Andika majina anayoyataja. Tutumie tuyachapishe, na nakala nyingine umpelekee mtendaji.