MBAO GANI TUZUNGUSHIE MATUTA YA MBOGA?

Ndugu wanaushirika,

Jumamosi tunakutana kuamua mbao za kuzungushia matuta yetu 10 ya mboga kule bondeni. Shida ya bonde mnaijua. Masika maji yanasimama, mchicha unaoza mizizi, bamia zinageuka manjano. Tumekubaliana kwamba dawa yake ni kuinua matuta. Ubishi uliobaki ni wa mbao, na tumeona tuseme mapema, maana kikaoni mwenye sauti kubwa ndiye anayesikika.

Kwanza tukiri kosa. Matuta mawili ya majaribio ya mwaka jana tuliyazungushia mbao za msindano kwa kuwa ndizo rahisi sokoni, kisha tukazipaka oili chafu ya gari ili mchwa wasile. Waliopaka ni sisi, hakutuagiza mtu. Mchwa wamekula vilevile, wamepitia kwenye ncha za chini ambazo hazikupakwa. Mvua ilipopiga tukaona utando wa mafuta unang'aa kwenye maji katikati ya mchicha. Na mchicha ule tuliula. Oili iliyotoka kwenye injini imebeba masizi na vumbi la vyuma, haifai kukaa penye chakula. Mama mmoja wa kikundi alituuliza, "Ndugu Katibu, oili hii ungeipaka sufuria yako?" Hatukuwa na jibu.

Sasa limekuja jambo zito zaidi. Kuna mtu ametuahidi nguzo chakavu za umeme kwa bei ya kutupa, na wengi wenu mmefurahi. Eti nguzo imesimama ardhini miaka na miaka, mchwa hawakuigusa, basi tuipasue tupate mbao. Ni kweli hawakuigusa. Lakini tujiulize kwa nini. Mti wenyewe mara nyingi ni mkaratusi tu, ule ule ambao sisi tukiuchimbia zizi la mbuzi mchwa wanaumaliza upesi. Kinachowafukuza ni dawa iliyosukumwa ndani ya mti kiwandani. Nguzo yenye rangi ya kijani iliyofifia kwa kawaida imetiwa dawa ya shaba, kromu na aseniki. Aseniki ni sumu. Nguzo nyeusi inayonuka lami, na hata mataruma ya zamani ya reli, hayo yametiwa kreosoti, mafuta yanayotokana na makaa ya mawe. Dawa hizi hutoka kidogo kidogo zikaingia kwenye udongo unaogusana na mbao. Huko Marekani mbao za aseniki ziliachwa katika kazi za majumbani, pamoja na viwanja vya michezo ya watoto, tangu mwisho wa mwaka 2003.

Nguzo ikibaki nguzo hatuna ugomvi nayo. Ugomvi unaanza tukiipasua. Mwenye msumeno atavuta vumbi lake. Vipande vitakavyobaki, nani atazuia visiende jikoni? Moshi wake ni sumu, na aseniki nyingi hubaki kwenye majivu. Na majivu sisi huwa tunayamwaga wapi? Si kwenye mboga!

Wengine wanasema tununue mninga au mvule. Ni mbao bora, lakini zina kibali chake, na bei yake itakausha mfuko wetu. Kuzika mninga kwa ajili ya bamia ni israfu.

Sisi tunasema mjohoro. Tunao mipakani, umezeeka, na ukikatwa huchipua tena kisikini. Lakini tuelewane: kinachotakiwa ni kiini, ile sehemu ya kati nyeusi-nyeusi inayofanya shoka lilie. Sehemu nyeupe ya nje ichongwe yote, hiyo mchwa huila kama ugali. Kwa hiyo mti mwembamba haufai, kwa kuwa kiini chake ni kidogo. Mjohoro ukikosekana, mwarobaini mzee nao unajitahidi.

Wapo wanaolalamika kwamba mjohoro haunyooki. Ni kweli, ila kazi yetu haihitaji ubao wa kabati. Darasa letu la jioni lilipiga hesabu: tuta la futi 12 kwa futi 3, mbao mbili za inchi 6 zikipandana, linakula mbao 5 za futi 12. Matuta 10 ni mbao 50. Upana wa futi 3 tusiuzidishe, ili mama afikie katikati bila kukanyaga udongo. Vipande vifupi vinaungika vizuri kwenye kigingi, na penye upungufu tuweke mawe. Mawe hayaliwi na mchwa!

Wala tusidanganyane kwamba mjohoro hauozi. Utaoza siku moja, tutabadilisha. Ili ukawie, tupange mawe chini ya ubao, na wa zamu wavunje kila wiki vile vijia vya udongo ambavyo mchwa hujenga ubaoni.

Matuta mawili ya oili yasipandwe mboga. Mbao zake zitolewe na zisipelekwe jikoni, na udongo wake usihamishiwe matuta mapya.

Mwenye mjohoro mzee mpakani kwake amwone mtunza ghala kabla ya Ijumaa. Msumeno mkubwa upo, umenolewa.

Katibu