Bata Bukini na Kuku: Uwanja Mmoja, Mabanda Mawili

Miongoni mwa ndege wafugwao majumbani, bata bukini ni mmoja wa wale wasiofahamika sana. Bukini ni jina la zamani la Kiswahili la kisiwa cha Madagaska, lakini asili ya ndege huyu si huko: wazazi wake wa mwituni walikuwa wa Ulaya na wa Asia ya Mashariki. Mwenye kumfuga aghalabu humwacha alale na kuku banda moja na kunywa nao chombo kimoja. Ufugaji wa bata bukini wastahili kuenezwa. Desturi hiyo ya kuwachanganya yafaa ikomeshwe.

Faida zake ni dhahiri. Kuku hushindana na binadamu kwa nafaka, bali bata bukini akishakua hujipatia sehemu kubwa ya chakula chake katika nyasi changa, ambazo huzikata kwa kingo za mdomo zilizochongoka mithili ya msumeno. Kwa kuwa hawezi kuyeyusha nyuzi za majani kama ng'ombe, hula kwa saa nyingi na kuacha kinyesi kingi, nacho ni mbolea. Tena hupiga kelele aonapo mgeni, hata usiku.

Hata hivyo, tabia yake ya kupenda maji ni hasara kwa jirani zake. Huzamisha kichwa chote chomboni na kumwaga maji, hata takataka za bandani zikalowa. Vimelea viitwavyo koksidia, ambavyo huwaharisha damu vifaranga wa kuku, vyahitaji unyevu na joto ili vipevuke na kuweza kuambukiza. Banda lililolowa huvipatia vyote viwili.

Hatari kubwa zaidi ni ile isiyoonekana. Mdondo, yaani kideri, ulitambuliwa mwaka 1926 huko Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza. Ukiingia katika kundi la kuku wasiochanjwa, huweza kuwamaliza karibu wote kwa siku chache. Bata bukini aghalabu husalimika. Mfugaji amwonapo akitembea mzima kati ya mizoga hudhani kwamba ugonjwa haukumgusa. La hasha! Kutougua si kutoambukizwa. Ndege huyo aweza kubeba virusi na kuvitoa katika kinyesi, na kinyesi hicho huingia katika maji wanywayo kuku wapya walionunuliwa kuziba pengo.

Mafua ya ndege yafundisha somo hilo hilo. Mwaka 1996 virusi vya H5N1 viligunduliwa katika bata bukini wa jimbo la Guangdong, China. Mwaka uliofuata watu 18 waliambukizwa huko Hong Kong, na 6 kati yao wakafariki. Januari 2017 mafua ya aina ya H5N8 yalithibitishwa nchini Uganda, kando ya Ziwa Victoria, katika ndege wa mwitu na wa kufugwa. Afrika Mashariki, basi, haiko mbali na jambo hili.

Yaweza kusemwa kwamba mwananchi wa kawaida hana uwezo wa kujenga mabanda mawili. Lakini bata bukini hahitaji jumba. Hulala chini, hivyo ua wa miti, mahali pakavu na kivuli vyamtosha, mradi mbwa na vicheche wasimfikie. Kinachotakiwa ni vyombo mbalimbali vya maji, kuwahudumia kuku kwanza na bata bukini baadaye, kunawa mikono kwa sabuni, na kuwachanja kuku dhidi ya mdondo kila baada ya miezi 3 kwa dawa ya tone la jicho.

Shule za sekondari zenye mashamba zina wajibu wa pekee. Mwanafunzi aweza kukariri maana ya neno virusi na kujibu mtihani vema, kisha akirudi nyumbani akawanywesha kuku na bata bukini ndoo moja. Kuku hao ndio akiba ya mama yake, pengine ndio daftari zake za muhula ujao. Elimu ya biolojia isiyovuka mlango wa banda haijakamilika. Uwanja na uwe mmoja. Mabanda na yawe mawili.