Usinunue meli ambayo mkono wako hauijui

Watu wanaoanza kucheza X-Wing huniuliza swali moja kuliko yote: "Bro, nianze na meli gani?" Kabla sijafungua mdomo, kuna msee ameshawajibu: "Chukua Soontir Fel na Interceptor yake. Hakuna mtu atakugusa." Mimi nasema hapana. Huo ushauri ni mbaya, na ndio unatufukuzia watu mezani.

Kwa wale ambao hawaujui huu mchezo: Fantasy Flight Games waliutoa 2012, na toleo la pili likaja 2018. Ni vita vya meli za Star Wars, mnapigania kwenye uwanja wa futi 3 kwa 3 ambao hauna miraba kama ya drafti. Kila meli ina kisahani kidogo cha kuzungusha. Unachagua mwendo wako kwa siri, unakilaza kifudifudi, mwenzako naye anafanya hivyo, halafu mnafunua. Ukishafunua, hakuna kurudi nyuma. Kwa hivyo mchezo wenyewe uko kwa kubahatisha mwenzako anaelekea wapi. Bunduki inakuja baadaye sana.

Sasa tuiangalie hiyo Interceptor. Dadu 3 za kushambulia, 3 za kukwepa, bodi inavumilia mapigo 3, ngao hakuna. Ukisoma kadi unaona moto. Lakini dadu ya kukwepa ina pande 8, na ni pande 3 tu zinazokuokoa. Nyingine 2 zinakusaidia kama una tokeni ya umakini, na 3 hazina kitu kabisa. Hesabu si ngumu: bila tokeni, dadu zako 3 zinakwepa pigo 1 hivi kwa wastani. Ukiwa na tokeni, karibu 2. Mpinzani akiwa karibu nawe, ndani ya sentimita 10, anaongezewa dadu ya nne, na kama yeye ana tokeni yake anakupiga mapigo 3 kwa wastani. Wewe ulikuwa na 3 tu. Unaona inavyoenda?

Hiyo tokeni unaipata kwa kufanya kitendo baada ya kusogea. Na ukigonga meli nyingine wakati unasogea, kitendo kinapotea. Hapa ndipo wanaomsifu Fel hunyamaza. Rubani mwenye cheo cha chini husogea kwanza, mwenye cheo cha juu husogea mwisho na kupiga risasi kwanza. Fel ana 6, ya juu kabisa. Academy Pilot wa TIE ya kawaida ana 1. Kwa hivyo huyo mtu wa bei rahisi, ambaye hata hana jina, anatangulia na kuegesha meli yake palepale ambapo Fel alipanga kutua. Fel anakuja, anagonga. Kitendo hakuna, tokeni hakuna, ule ujanja wake wa kuteleza kando baada ya kitendo nao umezimwa. TIE wengine wawili walikuwa wanamngoja pembeni. Kwisha.

Mtu aliyecheza michezo 50 anaiona hiyo mapema na kupita kando. Anayeanza jana haioni. Anachapwa raundi ya tatu, anachapwa tena wiki inayofuata, kisha anaambiwa ati hajui kucheza. Hapa kwetu meza zenyewe ni chache. Mtu mmoja akiacha, kuna mwenzake anabaki bila wa kucheza naye.

Mimi ningemwambia aanze na TIE za kawaida nne. Dadu 2 tu za kushambulia, najua, si za kutisha. Lakini zikienda pamoja zinajifunzisha zenyewe: ukiharibu mwendo wa moja unapoteza robo ya kikosi, si nusu. Baadaye muongeze Howlrunner, ambaye meli za kwenu zilizo karibu naye hurusha tena dadu moja ya shambulio. Ghafla unaanza kufikiria nani aende mbele na nani asigongane na nani. Anayetaka upande wa waasi achukue X-wing mbili au tatu. Bodi 4, ngao 2, dadu 3 za shambulio, 2 za kukwepa. Inakosea na bado inaishi, na hicho ndicho kitu mwanafunzi anahitaji.

Kuna wale wa kunakili kikosi kilichoshinda mashindano ya Marekani, kadi kwa kadi. Sina shida na kunakili. Shida ni kwamba unanakili kadi tu, kile kichwa kilichozungusha visahani kimebaki kwao. Ni kama kuchagua matatu kwa sababu ya graffiti na muziki bila kuuliza inaenda wapi.

Halafu kuna pesa. Hizi meli hazimo supamaketi. Sanduku linatoka nje, unalipia usafiri, unalipia ushuru, na huwezi kulirudisha kwa sababu umechapwa. Na tangu 2024 Atomic Mass Games, walioachiwa mchezo baadaye, walitangaza kwamba hawaundelezi tena. Watu wengi walilia. Mimi naona afueni moja: hakuna meli mpya ya mwezi ujao itakayofanya yako ionekane ya zamani. Mashabiki wenyewe ndio wanapanga pointi sasa, na TIE nne za leo zitakuwa TIE nne za mwaka ujao.

Kwa hivyo jaribu kabla ya kununua. Meli ndogo inakaa kwenye kitako cha sentimita 4 kwa 4, kadibodi ya sanduku la viatu inatosha kukata kikosi kizima. Na kama bado unaota Millennium Falcon, sawa, kata ya kwake pia: sentimita 8 kwa 8. Mawe ya angani huwekwa yakiwa yameachana zaidi ya sentimita 10. Yapange mezani, chagua mwendo wako, funua, uone kama unapita katikati.