Picha Isikunyang'anye Uso Wako

Jumapili hii tuzungumzie picha za uso, hizi zinazopigwa msasa kwa kompyuta kabla hazijachapishwa.

Ukienda studio leo, huenda ukakabidhiwa picha yenye ngozi laini kama ganda la yai. Chunusi hazipo, mikunjo haipo, na hata weusi wako umepungua bila wewe kuomba!

Kazi hii si ya juzi. Wapiga picha wa zamani walisahihisha negativu kwa penseli. Kisha mwaka 1990 kampuni ya Adobe ya Marekani ikatoa programu ya Photoshop, na mwaka 2002 toleo la saba likaleta brashi ya kuponya. Brashi hiyo huchukua ngozi safi iliyo jirani na kulifunika doa, huku ikilinganisha rangi na mwanga. Siku hizi simu ya mkononi hufanya kazi hiyo kwa mguso mmoja tu.

Ubaya basi u wapi? Ubaya ni kupita kiasi. Ngozi ya binadamu ina vitundu vidogo vidogo. Ukiulainisha uso mzima, vitundu hupotea na mtu hugeuka sanamu ya nta. Uzuri wa mkakasi huo!

Huenda unakumbuka kwamba Novemba 2017 mwigizaji wetu Lupita Nyong'o alilalamika hadharani. Jarida la Grazia la Uingereza lilikuwa limemweka kwenye jalada, lakini sehemu ya nywele zake za asili ilikuwa imefutwa na nyingine kulainishwa. Mpiga picha aliomba radhi. Ikiwa nyota wa sinema hakuulizwa, sembuse binti yako aliyevaa joho la mahafali?

Nchini Norway, tangu Julai 2022, sheria inadai tangazo lenye picha ya mtu aliyebadilishwa umbo, ukubwa au ngozi liwekwe alama. Wenzetu waliona jinsi vijana wanavyojidharau kwa kujilinganisha na nyuso zisizokuwako duniani.

Ufanyeje basi? Zungumza na mpiga picha mapema, kabla hajaanza kazi. Kanuni nzuri ni hii: kitakachopona chenyewe baada ya wiki mbili, kama chunusi au mkwaruzo, kifutwe. Kinachodumu, kama kovu, baka la kuzaliwa na rangi yako, kibaki, isipokuwa mwenyewe uamue vingine.

Nawe mwanafunzi unayejifunza kazi hii, hifadhi picha ya asili kando. Fanya marekebisho kwenye tabaka lake peke yake, kisha punguza nguvu ya tabaka hilo mpaka vitundu vya ngozi vionekane tena. Na picha ya kuombea viza ya Marekani usiiguse kabisa, kwani uso uliobadilishwa kwa kompyuta haukubaliwi.

Mzazi, kumbuka kwamba picha hiyo itaning'inia ukutani miaka mingi. Siku moja wajukuu watasimama mbele yake wakitafuta pua ya nyanya yao, kovu lake na mikunjo ya kicheko chake. Je, watamwona yeye, au watamwona mgeni?

Tukijaliwa, tukutane tena Jumapili ijayo.