Mwenye hisa za bia aulize na maji

WANUNUZI wa hisa za viwanda vya bia na soda wana mazoea ya kuuliza mambo manne: bei ya shayiri na sukari, ushuru wa bidhaa, kiasi cha mauzo, na gawio. La tano, yaani maji, huachiwa wahandisi. Mazoea hayo yana gharama, na zipo kampuni zilizokwisha kuilipa.

Constellation Brands, inayouza bia za Corona na Modelo nchini Marekani, ilianza kujenga kiwanda mjini Mexicali, kaskazini mwa Mexico, kwa mpango wa dola bilioni 1.4. Mji huo uko jangwani na unategemea Mto Colorado. Wakulima na wakazi walipinga kwa miaka kadhaa. Machi 2020 serikali iliitisha kura ya maoni. Waliojitokeza hawakufika 40,000, lakini asilimia 76 kati yao walikataa, na ujenzi ukasimama. Mwaka 2021 kampuni ilifuta vitabuni zaidi ya dola milioni 600. Kiwanda kipya kikapelekwa Veracruz, kwenye maji tele.

Watetezi wa mradi walisema kilimo ndicho kinachotumia sehemu kubwa ya maji ya bonde lile, si bia. Ni kweli. Lakini mkulima ambaye mfereji wake umepungua hapimi asilimia. Anamtazama mgeni aliyefika mwisho na bomba kubwa. Mwekezaji asiyelielewa hilo ataamini kibali cha karatasi kuliko inavyostahili.

Kabla ya hapo ilitokea Plachimada, jimbo la Kerala, India. Kiwanda cha Coca-Cola kilianza kazi huko mwaka 2000. Wanakijiji walilalamika kwamba visima vinakauka na maji yameharibika, kampuni ilikana. Mwaka 2003 halmashauri ya kijiji ilikataa kuongeza leseni, na Machi 2004 mitambo ikazimwa. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Kerala iliruhusu kiwanda kuchota hadi lita 500,000 kwa siku, lakini hakikufunguliwa tena. Ushindi wa mahakamani haukurudisha hata kreti moja sokoni.

Kampuni hujibu kwa takwimu, na nyingine ni nzuri. Coca-Cola ilitumia lita 2.70 za maji kwa kila lita ya kinywaji mwaka 2004. Mwaka 2015 ilitumia 1.98. AB InBev, mmiliki mkuu wa Tanzania Breweries (TBL), ilijiwekea lengo la lita 2.5 kwa lita moja ya bia ifikapo 2025. Huo ni ubanaji wa matumizi wa kupongezwa, maana maji, umeme na kusafisha majitaka vyote ni fedha.

Hata hivyo uwiano si akiba. Kiwanda kinachoshuka kutoka lita 4 hadi 3, huku uzalishaji ukiongezeka maradufu, kinachota nusu zaidi ya zamani. Tena hesabu hiyo haiingizi maji ya shambani yaliyootesha miwa na shayiri. Nazo ahadi za kurudisha maji, kama ile Coca-Cola iliyotoa mwaka 2007 na kutangaza mwaka 2015 kuwa imetimiza, hujumlisha miradi ya nchi nyingi. Maji yaliyorudishwa bonde jingine hayamjazii jirani kisima.

Kwa wenye hisa wa Dar es Salaam jambo hili liko mlangoni. TBL imo katika soko la hisa tangu 1998, na Oktoba 2022 jiji liliingia katika mgawo wa maji baada ya Mto Ruvu kupungua. Sheria ya mwaka 2009 inataka kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde kwa anayechota mtoni au kisimani, na maslahi ya wengine katika bonde hilo hayawezi kupuuzwa.

Kwa hiyo katika mkutano mkuu wa mwaka, mwenye hisa hata 100 anayo haki ya kuuliza: kila kiwanda kinachota kiasi gani, kutoka bonde lipi, na kikikosa maji mwezi mzima mauzo yatapungua kwa kiasi gani? Bodi yenye majibu imekwisha kuifanya hesabu hiyo. Isiyo nayo inacheza kamari na gawio la wengine, na kwa maji ya wengine pia.