Punguza bei ya tenki, usipunguze ya fundi

Hosteli haikosi mtu mmoja aliyeona video ya pikipiki iliyokatwa nyuma, haina shokapu, siti imelala karibu na tairi, akaanza kuota yake. Anapiga hesabu: pikipiki kuukuu, vipande vya bomba, siti, rangi nyeusi. Akibana bumu na kufanya kibarua likizo, mambo yanaenda. Mimi naunga mkono. Bora mwanafunzi ajenge kitu kuliko kununua simu ya pili. Ugomvi wangu uko mahali tunapoamua kubana bajeti.

Tunabana kwa fundi. Dukani Kariakoo muuzaji akishikilia bei ya cheni, tunanung'unika na kulipa. Tukishuka mwendokasi Gerezani kwa fundi wa kuchomelea, tunaanza wimbo: "Fundi, sisi wanafunzi bwana, fanya nusu." Na yeye, kwa huruma au kwa njaa, anafanya nusu. Bei nusu, na kazi nusu.

Sasa tuangalie hiyo kazi yenyewe. Shokapu humeza shimo kabla halijafika kwenye chesisi. Ukiitoa, shimo linapiga tairi, kisha rimu na spoki, kisha pale bomba jipya lilipokutana na chesisi ya zamani, kisha uti wa mgongo wako. Uhai wako unakaa kwenye sentimita chache za mshono. Fundi anayejua haungi bomba kichwa kwa kichwa. Anaingiza kipande cha bomba dogo ndani ya yote mawili, anatoboa matundu pembeni na kuyajaza, ndipo anazungusha mshono. Bomba la maji lenye zinki analikataa, kwa sababu zinki huharibu mshono na moshi wake ni sumu. Injini na matairi anayaacha mahali pake, anabandika vidoti kwanza, anavuta uzi kutoka tairi la nyuma hadi la mbele aone kama yako mstari mmoja. Anamalizia kidogo upande huu, kidogo upande ule, maana moto huvuta chuma. Hiyo si kazi ya saa moja. Ukimlipa ya saa moja atakupa ya saa moja, na siwezi kumlaumu.

(Faida moja ya kweli ipo, niseme haki: umbali kati ya spoketi mbili haubadiliki, kwa hiyo cheni haikazi na kulegea kila nyuma inaporuka. Anayelipia ni mgongo. Tafuta siti yenye springi kama za baiskeli ya Phoenix.)

Kubana kuko kwingi jamani. Tenki lenye bonde linanyooshwa. Madigadi yanakatwa. Rangi paka mwenyewe. Ila breki, tairi na spoki usiguse bajeti yake, na kadi ndiyo kabisa. Namba ya chesisi imegongwa shingoni na lazima ilingane na kadi, kwa hiyo kata nyuma tu. Pikipiki ya bei ya kutupa isiyo na kadi ni kesi yenye magurudumu.

Wenzangu wa uhandisi husema fundi wa mtaani hana hesabu. Guta zinazobeba marobota Kariakoo kutwa nzima nani alizichomelea? Kule Goma, chukudu ya mbao hubeba mizigo ya mamia ya kilo, na mji umeijengea sanamu. Hesabu ipo, haijaandikwa tu.

Na ikishaandikwa, jina linaloandikwa ni letu. Si sisi wa kwanza. Mwaka 1969 filamu ya Easy Rider ilizipa umaarufu mkubwa pikipiki za namna hii. Zile za kwenye filamu zilikuwa kazi ya Wamarekani weusi wa Los Angeles, Cliff Vaughs na Ben Hardy. Filamu haikuwataja, na kwa miaka mingi sifa zilikwenda kwa Peter Fonda aliyekaa juu yake. Fungua sasa ripoti ya mradi wa mwaka wa mwisho, ukurasa wa shukrani: Mungu, wazazi, msimamizi, mchumba. Fundi aliyemwonyesha mhandisi mtarajiwa kwamba moto huvuta chuma hayumo. Yupo kwenye jedwali la gharama, mstari mmoja, "ufundi", na tarakimu yake ni ndogo kuliko ya rangi.

Najua jibu: bumu halitoshi. Basi subiri muhula mwingine. Pikipiki ambayo haijakatwa bado inatembea, na shokapu zake zipo.